Miti ya Kisima cha Debora

Karai la arobaini na moja lilipofika juu, mchanga wa upande wa mashariki ukaporomoka tena na kunifunika miguu hadi juu ya vifundo. Niliinama nikaanza kuchota upya, nikihesabu kutoka moja, kwa sababu kuhesabu ndiko kulikonizuia nisitoke shimoni nikafanya jambo la kijinga.

Juu alikuwapo Debora, akivuta karai kwa kamba ya katani. Kila lilipomfikia alitembea hatua kumi na mbili kwenda kulimwaga mbali, akarudi, akalishusha bila kunitazama. Maneno aliyonipa tangu asubuhi yalikuwa machache. La kwanza ni kwamba koleo langu libaki garini. Koleo hukata ukuta wa mchanga, alisema, na kisima cha mchangani huchimbwa kwa karai na mikono. La pili ni kwamba gari lenyewe libaki juu ya ukingo. Kwa hiyo Landrova yangu ilikuwa kule juu chini ya mgunga, nami nilikuwa chini, mwanamume wa miaka arobaini na minne aliyevua viatu, nikifukua kilichofukiwa na mwanafunzi wangu.

Mto ule uko upande wa Haneti, na maji yake huonekana siku chache tu za mvua. Siku nyingine zote ni mchanga mweupe, mpana kama kiwanja cha mpira, na maji yako chini. Kila kaya ina kisima chake humo. Kinazungushiwa miiba, na ndani kinajengwa kwa miti, minne minne, kila mti umechongwa ncha zake ukae juu ya mwenzake, ili mchanga usimwagike. Mwenye kisima akimaliza kuteka hufunika mdomo kwa matawi ya miiba na kuning'iniza kata yake ya kibuyu kwenye tawi. Hiyo kata ndiyo kusema kwamba kisima kina mwenyewe.

Kisima cha Debora kilikuwa na miti kumi na sita ya mpingo. Ilikatwa na baba mkwe wake akiwa kijana. Mpingo hauliwi na mchwa na hauozi majini, na siku hizi mpingo wa unene ule hauonekani tena kwenye vilima vya karibu. Asubuhi ya Jumatatu iliyotangulia Debora alikuta mdomo wa kisima umekuwa sahani ya mchanga. Safu za juu hazikuwepo. Kata ilikuwa imekanyagwa.

Ilikuwa Oktoba. Mume wake, Matonya, alikuwa Makutupora akipogoa mizabibu ya watu, na habari ilikuwa haijamfikia. Ng'ombe walikuwa kumi na mmoja. Jirani yake, Mama Gideoni, alikuwa amempa maji wiki nzima, lakini baada ya mifugo yake mwenyewe kunywa, na maji yenyewe yalikuwa yameanza kuwa tope. Alikuwa amemwambia kwa upole kwamba mwisho ni Jumatano. Baada ya Jumatano ng'ombe wangepelekwa kwa shemeji yake, ng'ambo ya Haneti, kwenye pampu. Debora aliniambia hilo akiwa amenipa mgongo.

"Ng'ombe wakikaa miezi miwili kwa shemeji, wanaorudi ni wale shemeji anaopenda warudi."

Nilikuja asubuhi ile kama nilivyozoea kuja kwa miaka minne, Jumapili moja kila wiki mbili tatu, na rafiki yangu Yahaya kiti cha pembeni. Yahaya ni mtu wa Kondoa, anauza mahindi sokoni Majengo, na hajui kuendesha hata baiskeli, ila anapenda kuendeshwa. Kawaida tulikuwa tukisimama kwa Debora, tunamwachia sabuni au chumvi, tunamsalimu mbukwa kwa Kigogo, anaitikia na kututania kwamba watu wazima hawana kazi, wanakuja kucheza mchangani kama watoto. Siku ile nilisema mbukwa na hakuitika. Alitangulia akaenda mtoni, akanionyesha kwa kidole.

Sikutaka kuamini upesi. Mimi ni fundi, na fundi akianza na jibu kabla ya kufungua injini huharibu injini ya mtu. Nilisema moyoni kwamba ni malori ya mkaa. Yanapita usiku, madereva wake hawajali. Nikatamani iwe hivyo. Yahaya akashuka na mto, na mwendo wa dakika chache akaita. Miti minne ilikuwa imezama nusu mchangani, miwili nyuma ya miwili, namna inavyolazwa chini ya tairi ili gari lipate pa kukanyaga. Niliufuta mmoja kwa kiganja. Lori la mkaa lina tairi pacha nyuma. Hapa palikuwa na alama ya tairi moja moja, yenye meno mapana ya pembe tatu, na mti wenyewe ulikuwa umeng'atwa na meno yale. Tairi zile nilizijua. Nilikwenda na mwanafunzi wangu Fredy kuzichagua.

Lazima nieleze kidogo jinsi tulivyofika hapo.

Zamani Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi lilikuwa marufuku barabarani, na petroli ilikuwa ya kibali. Marufuku ile ilipoondoka, na magari yaliyotumika yalipoanza kuingia nchini, tulijikuta tuna kitu ambacho hatukuwa nacho: Jumapili ndefu na tangi lenye mafuta. Mimi nilikuwa dereva wa shirika moja la umma hadi tulipopunguzwa kazi mwaka wa tisini na moja. Shirika lilipouza mabaki yake niliondoka na Landrova isiyo na injini, nikaiburuta hadi Miyuji, na nikajifunza ufundi kwa kuifungua na kuifunga. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na daftari, nikiandika kila nati nilipoitoa.

Gari lilipowaka nilitaka kujua linaweza nini. Nikaanza kwenda nalo mahali pasipo na barabara: makorongo, vichaka vya miiba, uwanda mkavu wa udongo baada ya mashamba ya Makutupora, mito ya mchanga. Sijui niseme ni raha gani ile. Unapunguza upepo wa tairi hadi zilale kidogo, unaingia mchangani kwa gia ya pili, hukanyagi breki, husiti, na gari linaelea. Mtu aliyeendesha miaka kumi na saba akiambiwa pinda hapa, simama pale, anajua thamani ya saa moja ambayo njia anaichagua mwenyewe.

Wengine wakasikia, wakaja. Wa mwisho kuja alikuwa Fredy, kijana wa miaka ishirini na saba, afisa katika ofisi moja ya serikali, ambaye baba yake mdogo alikuwa akiingiza magari kutoka Dubai. Alikuja na pikapu nyeupe, na akaja na Brightness, mpiga chapa wa ofisi za Bunge, ambaye alishika saa na kuandika nani amemaliza mzunguko kwa dakika ngapi.

Sitamnyima Fredy sifa yake. Alikuwa na mikono. Nilimfundisha kile tulichokiita kupiga mkia: unaachia magurudumu ya mbele, gari linasukumwa na ya nyuma peke yake, unaingia kwenye kona, unakanyaga mafuta, mkia unateleza nje, nawe unageuza usukani kuufuata mkia unakokwenda. Mimi nilichukua mwaka kuuweza. Yeye alichukua Jumapili tatu. Pale kwenye uwanda mkavu alikuwa akichora nane kwa vumbi, gari limelala upande, na sote tulisimama midomo wazi. Nilijisikia fahari, kama vile mkono ule ulikuwa wangu.

Nilimfundisha pia kutoka mchangani. Kwanza, magurudumu ya mbele ya pikapu ile yana loki, kifundo kimoja kila gurudumu, cha kuzungushwa kwa mkono. Ukiwa umeziachia ili upige mkia, kusukuma ile gia ndogo ya magurudumu manne ndani ya gari hakusaidii kitu. Ni lazima ushuke, ufunge kifundo cha kulia, ufunge cha kushoto. Nilimwambia mara tatu. Pili, upepo. Tatu, vikishindikana vyote, tafuta mti, ubao, gogo, chochote, weka chini ya tairi. Nilisema hivyo hivyo: chochote.

Jumapili iliyotangulia bomba la rejeta yangu lilipasuka kwenye uwanda. Nilibaki na Yahaya tukilifunga kwa mpira wa tairi, na Fredy akatangulia mtoni na Brightness na vijana wengine wawili. Waliporudi alisema alinasa kidogo lakini alijitoa kwa njia ya braza, yaani mimi. Nilimpongeza. Nilimpiga begani kabisa. Pikapu ilikuwa imesimama pale mbele yangu, na sikutazama nyuma yake imebeba nini.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani shimoni, karai baada ya karai. Hasira yangu huja polepole, mke wangu husema ni kama mtungi unaovuja ndani, unafikiri haujajaa. Ilipokaribia saa saba tulikuwa tumeshuka kimo cha mtu. Mchanga ulikuwa umebadilika rangi, lakini ulikuwa bado haujalowa. Debora alishika ukuta kwa kiganja akasema kwa mara ya kwanza kitu kisicho cha ukali: kwamba tukienda hivi, kesho kutwa ng'ombe watakunywa.

Ndipo niliposikia injini.

Tulikuwa tumepatana na Fredy tangu wiki iliyopita kukutana mtoni saa saba. Alikuja akiwa na furaha zake. Nilitoa kichwa shimoni nikamwona anashuka ukingo wa chini, anaingia mchangani, na analaza gari, mkia unakuja upande wetu, ukuta wa mchanga unaruka juu kama maji. Ilikuwa imepigwa vizuri, na hilo lilinikera zaidi. Nilipaza sauti azime gari. Hakusikia. Alizunguka mara ya pili, karibu zaidi, na nikahisi mtikisiko ule kwenye nyayo kabla sijauona. Ukuta wa mashariki ukaja wote.

Ulinifunika hadi kiunoni. Yahaya alinishika makwapa akanivuta, Debora akashika shati langu, na nikatoka. Tulipotazama chini, shimo lilikuwa limerudi nusu. Saa tatu za kazi.

Fredy alizima gari hatua kama thelathini kutoka kwetu, akashuka na miwani yake ya jua.

"Braza Eli, unatafuta dhahabu na hutuambii?"

Nilipita pembeni yake nikaenda nyuma ya pikapu. Palikuwa na kreti ya soda, kamba, na miti mitatu ya mpingo, imefungwa vizuri kwa mpira ili isigonge bodi. Niliufungua mmoja nikamletea.

"Huu ulitoa wapi?"

Alisema ulikuwa umelala tu pale, huo na mingine. Ameuweka garini kwa sababu ni mti mgumu, unafaa siku ya kunasa. Alidhani umeletwa na mafuriko. Nikageuza ncha, nikamwonyesha mahali ulipochongwa, mchongo wa kina cha vidole viwili, umelainika kwa miaka.

"Mafuriko yanachonga?"

Brightness alikuwa ameshuka na kusimama karibu na miiba. Alikuwa ameiona kata iliyokanyagwa, ambayo Debora hakuiondoa.

"Kulikuwa na kata imening'inia, Fredy," alisema. "Nilikuonyesha."

"Na wewe si ulisukuma? Ulisukuma kama wengine."

"Nilisukuma," alisema Brightness.

Nikahesabu. Yote ilikuwa kumi na sita; Brightness alisema walitoa tisa, basi imebaki saba chini. Minne tuliikuta mchangani. Mitatu iko garini. Nikauliza miwili iko wapi. Fredy alitazama pembeni, akaanza kueleza kwamba siku ile walirudi wamechelewa, kwamba mkaa ulikuwa umekwisha. Brightness ndiye aliyemaliza sentensi.

"Tulichomea nyama."

Debora alijifuta mikono kwenye khanga, akamwendea Fredy, akamtazama kuanzia viatu hadi miwani. Fredy alivua miwani. Akasema pole mama, hakujua, angejua asingethubutu. Akasema katikati ya wiki angeleta mbao nzuri za dukani, mpya. Debora akamwuliza ni nani aliyemfundisha kutoa miti kwenye kisima cha watu. Fredy akanyoosha kidole kwangu.

"Fundi wangu ni huyu hapa, mama. Yeye ndiye alisema chochote."

Nilitaka kusema kwamba sikusema kisima. Ilikuwa kweli, na ilikuwa haina maana. Debora alinigeukia.

"Ulimfundisha kuchukua mti. Kuuliza ni mti wa nani, ulimwachia nani amfundishe?"

Nilikwenda nikaulaza ule mti kando ya kisima, pamoja na ile minne.

Fredy alidhani amepona. Alianza kusema habari ya Jumamosi. Alikuwa amewaalika watu wenye magari manane, wengine wanatoka Arusha, kwa mashindano ya kupiga mkia mtoni hapo hapo, na kwa hiyo lingekuwa jambo jema kama hili shimo lingewekewa alama, hata kitambaa chekundu, watu walione. Alisema kwa nia njema. Nadhani hilo ndilo lililonivunja, kwamba alikuwa akituonea huruma. Nilimwambia Jumamosi hakuna gari litakaloshuka mtoni. Akasema mto si wangu. Nikasema kweli, si wangu. Akacheka kidogo, akapanda garini, akamwambia Brightness wanaondoka.

Magurudumu ya nyuma yalizunguka, yakachimba, na gari likakaa chini kwa makalio. Akasukuma gia ndogo. Yakazunguka yale yale ya nyuma. Ya mbele yalikuwa kimya kabisa. Nilitazama vifundo vya loki. Vyote viwili vilikuwa wazi, kama alivyoviacha ili apige mkia mbele yetu. Alichohitaji ni kushuka na kuvizungusha. Nusu dakika.

Akashuka, ila hakutazama magurudumu. Alitazama miti mitano tuliyoipanga kando ya kisima.

"Nipe miwili tu, braza. Dakika mbili nakurudishia."

Nikaenda nikasimama juu ya ile miti.

"Gusa mmoja nikuvunje mkono."

Nilisema taratibu, kama ninavyosema kila kitu. Fredy alirudi nyuma hatua mbili. Yahaya, ambaye amenijua miaka tisa, naye alirudi hatua moja.

Basi Fredy akapiga magoti akaanza kufukua gari lake kwa mikono, akilaani, na mchanga ukawa unarudi kama ulivyokuwa ukinirudia mimi. Nilishuka shimoni. Yahaya alinifuata na karai, akainama karibu na sikio langu.

"Hukumwambia zile loki?"

"Hajaniuliza."

"Mpare wewe, bahili. Hata neno unalifungia sandukuni."

Nilicheka na sikutaka kucheka. Tulifanya kazi. Baada ya muda Debora alimwendea Fredy akamtupia karai la pili karibu na magoti, akamwambia kama anapenda kufukua, afukue panapostahili. Sikutegemea angekubali. Labda alikuwa amechoka kufukua mahali pasipojaa wala pasipoisha, labda ni Brightness, ambaye tayari alikuwa amevua viatu na kushika kamba. Alikuja. Alichimba vibaya, akijaza karai hadi Brightness asiweze kulivuta, lakini alichimba, karibu saa moja na nusu. Malengelenge yalimtoka. Mara moja tulikuwa shimoni bega kwa bega, nikaanza kufikiri kwamba pengine nimemhukumu mapema, na kwamba nikitoka nitamwambia habari ya loki, nami nimwombe radhi kwa kunyamaza.

Nilichelewa kidogo. Alitoka kunywa soda, akaegemea gurudumu la mbele, na mkono wake ukakaa juu ya kifundo. Nilimwona anakitazama. Kisha akanitazama.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu saa saba unaniangalia nachimba, na ulijua."

Nikamwambia hata yeye alijua. Nilimwambia mara tatu, na mara ya tatu alikizungusha kwa mkono wake mwenyewe. Alinitukana tusi ambalo sitaliandika. Alifunga loki ya kulia, akafunga ya kushoto, akapanda, akaweka gia, na pikapu ikatoka. Ilitoka mara moja, polepole, magurudumu manne yakishika, kama ng'ombe anayetoka zizini. Bila mti. Bila mtu wa kusukuma. Ikapanda ukingo ikasimama juu.

Debora alikuwa ameacha kamba.

"Kumbe linaweza?"

"Linaweza," nikasema.

"Na siku ile?"

Ningeweza kuzunguka. "Hata siku ile."

Alikaa chini mchangani. Wiki nzima, nafikiri, alikuwa amejiambia kwamba watu walikuwa taabuni, kwamba mtu aliyenasa porini jua likizama huchukua anachokiona. Ni mtu wa haki, na haki ile ilikuwa imemsaidia kubeba ndoo za tope. Sasa alikuwa ameona kwa macho. Miti ya baba mkwe wake ilitolewa, miwili ikachomewa nyama, kwa sababu mtu hakushuka kuzungusha vifundo viwili. Alianza kusema kwa Kigogo, sauti ya chini, bila kupumzika, na hakuna aliyetafsiri. Yahaya, anayekisikia Kigogo, aliinamisha kichwa.

Alipomaliza alirudi kwenye Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Gari lako pia. Lisishuke tena humu. Uje kwa miguu kama unataka salamu."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi kila mara nimepita mbali na visima, kwamba ninazijua kata, kwamba kwa miaka minne sijakanyaga hata tawi. Nilitaka sana. Nilikuwa na hasira na Fredy, na hasira na yeye kwa kunichanganya na Fredy, na chini ya zote ile niliyokuwa nayo na neno langu mwenyewe, chochote. Mto ule ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata tangu nipunguzwe kazi. Nikasema sawa. Neno lenyewe lilitoka limekwaruza.

Juu ukingoni Fredy alikuwa akipiga honi. Brightness alikuwa na kazi kesho yake asubuhi. Hakuwa na njia nyingine ya kurudi mjini, maana nilikuwa nimekwisha kuamua kulala. Alimwendea Debora akamwomba radhi, hakuongeza sababu. Debora alimwambia nenda. Kabla hajaondoka aliniambia kwamba majina ya wale wenye magari manane anayo yeye, na simu iko ofisini. Atawapigia mmoja mmoja kuwaambia Jumamosi hakuna kitu. Akapanda ukingo, akashusha ile miti miwili iliyobaki nyuma ya pikapu, akaiviringisha chini kwetu. Fredy alimfungulia mlango wa mbele. Yeye alipanda nyuma, akakaa juu ya kreti ya soda, na wakaondoka hivyo.

Tulichimba mpaka jua likashika vilima. Saa kumi na moja na nusu nilizamisha mkono ukatoka na mchanga unaoshikana, wa baridi. Nilimpa Debora. Aliubana, akaunusa, akaurudisha. Si maji, alisema, ila yako. Muda mfupi baadaye vidole vyangu viligusa ncha ya mti, wa safu ya tatu, umelala upande. Nilitaka kuendelea. Nilikuwa na nguvu ya ajabu, ile ya mtu ambaye hajamaliza kukasirika, na nilimwambia tukikaza tungeona maji kabla ya giza.

Debora alikataa. Tukiyafungua maji leo kuta hazina miti, alisema, mchanga uliolowa utakuja wote usiku, na kama kuna mtu chini utakuja naye. Kwanza safu zijengwe kutoka chini, zote nne. Miti tuliyo nayo ni kumi na minne. Yahaya alisema kuna kilima nyuma ya Haneti alikokwenda zamani kutafuta asali, aliwahi kuona mipingo miwili mitatu humo, si minene sana. Ataondoka alfajiri na panga. Debora akamwambia asikate kabla ya kumwuliza mwenye kilima, anakaa nyumba ya bati upande wa chini. Yahaya alisema atauliza. Alisema mara mbili.

Nilipanda juu. Tukalaza mbao za kitanda cha Landrova yangu juu ya mdomo wa shimo, na juu yake miiba, ili punda wasikaribie. Mikono yangu ilikuwa imevimba na sikuweza kufunga vifungo vya shati. Jumatatu ilikuwa imebaki, na Jumanne. Debora alikunja kamba, akaweka makarai mawili moja ndani ya jingine, akaniambia nije kabla ng'ombe hawajatoka, na nisije na koleo.